Sura ya Nane: Ndevu za Bwana Parker

Inspekta Philemoni Urassa alikuwa ameshachoshwa na wazungu, hasa huyu mmoja, Parker, ambaye hakuwahi kumwona.

Alimtafuta Uhamiaji, akaambiwa hakuna mgeni wa jina hilo. Alimtafuta kwenye makampuni ya kupeleka watalii mbugani, ambayo tangu biashara iwe ruksa yalikuwa yakiota mjini Arusha kama uyoga. Alikwenda mpaka mashamba ya kahawa ya Usa River, akanyweshwa chai na mabibi wa kizungu wenye mbwa wakali, na huko nako hakuna aliyemjua Parker. Sasa alikuwa Themi, kwenye duka la dawa za maji, na mwenye duka, mwanamke wa makamo aliyeitwa Irine, alikuwa akimpa somo asilolihitaji.

"Jakuzi si sufuria, afande," alisema Irine. "Sufuria ukimaliza kupika unamwaga, unasugua, kesho maji mapya. Jakuzi ni beseni la maji ya moto, pampu inayazungusha na kutoa mapovu, na maji ni yaleyale wiki nzima. Kwa hiyo lazima yatunzwe. Na maji yetu ya mlimani yana magadi. Tazama haya meno." Alitabasamu makusudi, meno yake ya kahawia yakaonekana yote. "Ukitia klorini kwenye maji ya magadi inalala tu, vijidudu vinaendelea kucheza. Mgeni anatoka na vipele mgongoni. Basi unaanza na asidi kidogo, unawasha pampu, unaacha maji yazunguke mpaka yapoe ukali. Klorini ni kesho yake. Asidi hiyohiyo ndiyo inayotoa ukoko mweupe kwenye kuta za beseni. Lakini hizi mbili zikikutana zenyewe kwa zenyewe..."

"Zinatoa hewa ya sumu. Daktari ameshanieleza, na maiti nimeiona. Ninachouliza ni kimoja. Kuna mzungu anayeitwa Parker aliyewahi kununua dawa hapa?"

"Mzungu hakuna. Watu wa Enyorata walikuja wiki ile, ila nilim..."

"Sikuuliza watu wa Enyorata, mama. Wana jakuzi, lazima wanunue dawa. Nauliza Parker."

Irine alichukua kitambaa akaanza kufuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi.

"Basi Parker simjui," alisema.

Philemoni alitoka akiwa na hasira ya mtu aliyekuta mlango umefungwa, wala hakujua kwamba aliyeufunga ni yeye mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu, Eliamini Mollel, fundi wa jakuzi wa hoteli ya Enyorata, angefikishwa mahakamani kwa kosa la mauaji, na kosa hilo mwisho wake ni kamba. Bwana Gervas, dalali wa madini kutoka Dar es Salaam, alikuwa amekutwa amekufa kwenye chumba cha jakuzi cha hoteli hiyo, mkono wake ukiwa karibu na kitasa cha mlango, mapafu yameungua. Mkuu wa upelelezi wa mkoa hakuona ugumu wowote. Maji yameua, mwenye maji ni fundi, fungeni jalada. Lakini Philemoni hakuona ni kwa nini fundi amuue mtu asiyemjua, na lile neno moja lililomtoka fundi huyo siku ya kwanza lilikuwa linamnyima usingizi.

Aliyeliandika ni Sajini Oscar. Oscar alikuwa mtu wa Tabora, mwenye mwandiko wa kuvutia na kalamu ya Parker aliyoichomeka kwenye mfuko wa shati ili kila mtu aione. Eliamini alipoulizwa nani alibaki na jakuzi siku ile, akajibu, Oscar hakuhitaji kuuliza jina linaandikwaje. Alikuwa amelishika mkononi.

Mahabusu kulinuka dawa ya choo. Eliamini aliletwa chumba cha mahojiano akiwa peku, akakaa bila kuegemea kiti.

"Siku ile ulikuwa wapi?" Philemoni aliuliza.

"Kikatiti, afande. Tulikuwa na msiba."

"Nani alibaki na jakuzi?"

"Nilishasema."

"Sema tena."

"Alibaki Parker."

"Parker nani? Jina lake la pili?"

"Mimi namwita hivyo tu."

"Na jina alilopewa na wazazi wake?"

"Hilo siwezi kulitamka."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, afande. Kwetu ni aibu."

Philemoni alimtazama Oscar. Oscar aliinua mabega. Kwa Philemoni, aliyezaliwa Machame, watu wa upande wa magharibi wa Meru walikuwa majirani ambao hakuwahi kuwaelewa vizuri, na leo hakuwa na subira ya kujifunza.

"Anaishi wapi huyo bwana mkubwa usiyeweza kumtaja?"

"Kule juu."

"Juu wapi? Nairobi? Mashambani?"

Eliamini alitazama miguu yake isiyo na viatu.

"Alikulipa kiasi gani ili umfiche?"

Hapo fundi aliinua uso, na kwa mara ya kwanza alionekana kuudhika. "Hajanipa kitu. Mimi ndiye niliyempa."

"Ulimpa nini?"

"Heshima yake."

"Eliamini, nisikilize. Jumatatu hakimu hatauliza habari za heshima. Utakwenda na maji, na huyo Parker wako ataendelea kula bata."

"Parker hana kosa. Alitumwa tu."

"Na nani?"

Eliamini aligeukia ukuta. Philemoni alipiga meza kwa kiganja, mkono ukamuuma. Alikuwa ameshafika mlangoni fundi alipozungumza tena, kwa sauti ya chini.

"Nina ombi moja, afande. Mke wangu Naserian akileta chakula, aje peke yake. Mama yake asije hapa."

"Hapa ni mahabusu, si nyumba ya wageni," alisema Philemoni, akaenda zake.

Mchana alipanda Enyorata. Barabara ya mlimani ilikuwa na matope, Land Rover ya polisi ikalia njia nzima, na Oscar akaulizwa mara kadhaa kama leseni yake aliinunua au aliiokota. Kwa kawaida Philemoni hakuwa mtu wa maneno makali. Siku hiyo yalikuwa yanatoka yenyewe.

Mwenye hoteli, Ludovick Tarimo, aliwapokea barazani akiwa na tabasamu pana. Huyu alianza na marobota ya mitumba, akaja na basi, sasa alikuwa na hoteli ya vyumba kumi na mbili na jakuzi pekee kwenye mteremko wote ule, kwa mujibu wa kibao alichokiweka njia panda.

"Karibu, Mangi," alisema, kwa lile neno la nyumbani ambalo Wachaga hulitumia wanapotaka kukumbushana kwamba damu ni nzito. "Umempata mzungu wetu?"

"Bado. Nieleze tena alivyo."

"Mrefu. Ndevu nyekundu mpaka hapa." Ludovick aligusa kifua. "Ana Land Rover ya kijani. Ndiye aliyetufungia jakuzi mwanzoni, na siku ile alikuja kulikagua. Tukanywa naye kahawa palepale ulipokaa. Akafungua mota yote, akaisafisha, akaondoka. Alitia dawa gani, mimi mfanyabiashara nitajuaje?"

Alikuwa amesema hivyohivyo tangu mwanzo. Philemoni alikumbuka vizuri siku ya kwanza alipomuuliza kama anamjua mtu anayeitwa Parker. Ludovick alikohoa, akaangalia mlima, kisha akamkumbuka ghafla na kwa furaha.

"Nataka kuliona tena jakuzi."

Chumba kilikuwa kidogo, kina dirisha moja la kioo kisichofunguka, kwa sababu Ludovick hakutaka baridi ya Meru iwasumbue wageni wake. Beseni lilikuwa limekaushwa. Kuta zake ziling'aa. Philemoni alipitisha kidole, akaona ni laini kabisa, hakuna hata alama ya ule ukoko aliousikia kwa Irine. Kuna mtu aliyelisugua, tena kwa kitu kikali. Alichuchumaa nyuma ya beseni, palipokuwa na pampu. Mfuniko wa chujio, ule unaozungushwa kwa mkono, ulikuwa safi na ulifunguka kwa urahisi. Mota ilikuwa kando yake, imebanwa kwa skrubu nne. Skrubu zote zilikuwa zimefunikwa na ukoko mweupe mgumu, kama wa ndani ya birika la mama ntilie. Alijaribu kuukwangua kwa ufunguo. Ufunguo ukapinda.

"Umesema Parker aliifungua hii mota?"

"Yote, Mangi. Kwa macho yangu."

Philemoni alikaa kwenye ukingo wa beseni, akaushika ufunguo wake uliopinda. Mzungu anatoka alikotoka na gari lake, anafungua mota ambayo skrubu zake hazijaguswa tangu zikazwe. Anasugua beseni kama kijakazi, na mlimani kote hajaonekana na mtu mwingine yeyote. Kila alichokishika kuhusu mtu huyu kilimponyoka mkononi.

Wakati wa kutoka alipita kwenye rundo la taulo chafu lililofika magotini.

"Huna dobi?"

"Nina mama mmoja. Anaumwa kifua, nimempa mapumziko akakae kwake Moshono. Kwaheri, Mangi. Salamu nyumbani."

Usiku huo mkuu wa upelelezi alimpigia simu nyumbani, akamuuliza kama Parker ni mtu au ni ugonjwa.

Jumamosi asubuhi alikuta zogo kaunta. Mwanamke mtu mzima, mrefu, masikio yaliyotobolewa zamani yakining'inia, alikuwa amekaa chini katikati ya njia na kukataa kuondoka. Alivaa kanga ya bluu yenye madoa meupe kwa mbele, madoa yasiyo na mpangilio, kama rangi imelambwa. Alikuwa akikohoa kikohozi kikavu kilichomkunja mgongo.

"Shikamoo, mama," alisema Philemoni.

"Marahaba, mwanangu. Waambie hawa askari wako wanipishe. Nataka kumwona Paker."

Oscar, aliyekuwa akiandika, aliacha kuandika.

"Unamjua Parker?" Philemoni aliuliza taratibu, akiogopa kulitisha jibu.

"Nitaachaje kumjua? Ni mume wa binti yangu. Mmemfungia humo ndani wiki nzima."

Philemoni alivuta kiti akakaa. "Mama, aliye humo ndani anaitwa Eliamini."

"Hilo ni jina la kanisani. Mimi silitamki, na yeye halitamki langu. Mkwe hatajani na mkwe." Alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto kunawa. "Siku alipomchukua Naserian alinipa kondoo jike. Kondoo kwetu ni *enker*. Tangu siku ile mimi namwita Paker, na yeye ananiita Paker. Mtu aliyekupa kondoo, uliyepokea kondoo, wote ni Paker. Hujui? Na umekaa Arusha miaka yote hii?"

Philemoni hakujua. Alimtazama Oscar, na Oscar aliitoa ile kalamu mfukoni, akalisoma jina lililoandikwa juu yake, akaitumbukiza kwenye droo. Siku nne za mafuta ya serikali, mabibi wa Usa River na mbwa wao, Uhamiaji, simu ya usiku. Alitamani kucheka, lakini hasira ilikuwa bado imekaa mbele ya kicheko.

"Kwa hiyo aliyebaki na jakuzi siku ile..."

"Ni mimi. Nafua taulo pale. Nimekuja nikae mahali pake. Mtoeni, niingie mimi." Alikohoa tena, akaufuta mdomo kwa pindo la kanga. "Yeye ana watoto wadogo."

Philemoni alimwinua mwenyewe kutoka sakafuni, akampeleka ofisini, akaagiza chai. Kisha alimuuliza hatua kwa hatua, na kwa mara ya kwanza katika kesi hii kila swali lilipata jibu.

"Nani alikuambia ulisafishe?"

"Tajiri. Beseni lilikuwa na ukoko, na mgeni mkubwa anakuja. Akanipa galoni la asidi, akasema nisugue. Nikasugua. Ikanirukia nguoni, ndiyo haya unayoona. Nyingine ikaingia kwenye matundu yanayotoa mapovu."

"Ulisuuza?"

"Nilitaka. Pa... mkwe wangu huwa anasema lazima maji yapite kwenye mabomba mpaka yatoke masafi. Tajiri akasema niache, gari la mgeni limeshaingia. Akafungua lile chujio, akamimina dawa nyeupe mwenyewe, nyingi, akafunga. Akafungulia maji."

"Na pampu?"

"Haikuwashwa. Huwashwa na mgeni, ana kitufe chake."

Philemoni alifumba macho. Asidi imelala kwenye mabomba, klorini imelala kwenye chujio, kati yake kuna kitufe. Bwana Gervas aliingia kwenye maji ya moto, akafunga mlango ili baridi isiingie, akabonyeza apate mapovu.

"Na wewe kifua?"

"Nilisikia anapiga mlango, nikaufungua. Ile harufu ikanipata usoni. Alikuwa ameshaanguka."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Tajiri alisema mkono uliosugua ni wangu. Nikifungua mdomo tutanyongwa wawili, mimi na mkwe wangu. Nikikaa kimya atatoka." Alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Jana Naserian akaniambia Jumatatu anapelekwa kwa hakimu. Nikajua nimedanganywa."

Philemoni alipiga simu Themi. Irine alipokea, na alipoisikia sauti alikuwa baridi.

"Mama Irine, naomba radhi. Jana ulitaka kusema kitu, nikakukatiza."

"Ulinikatiza mara mbili."

"Watu wa Enyorata. Nani alikuja?"

"Ludovick mwenyewe. Alichukua asidi na klorini pamoja. Nikamwambia, leo hii, kesho hii, zisikutane. Akasema kesho ni ya maskini, mgeni wake anafika leo. Dereva wangu alikuwepo, muulize."

"Nitamuuliza. Asante, mama."

"Ungeniacha nimalize," alisema Irine, akakata.

Waliposimamisha gari mbele ya baraza la Enyorata, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mahindi. Philemoni alishuka peke yake, Oscar akabaki kwenye usukani na kioo chake wazi. Ludovick alikuwa anakunywa kahawa.

"Nimempata Parker," alisema Philemoni.

Kikombe kilisimama njiani, kisha kikarudi kwenye kisahani. "Umempata wapi?"

"Amejileta kituoni. Nimekuja naye, yuko kwenye gari. Nilikuwa nakosea sana katika kesi hii, Bwana Ludovick, sitaki kukosea tena. Kabla hajashuka, nataka unihakikishie alivyo."

Ludovick aliitazama Land Rover. Vioo vya nyuma vilikuwa na ukungu. "Unajua, siku zimepita. Nilimwona kwa haraka."

"Ulisema mlikunywa kahawa."

"Ndiyo, kahawa tulikunywa. Lakini mtu humwangalii sana."

"Urefu wake?"

"Wa kawaida. Labda ni mrefu."

"Gari la kijani?"

"Kijani au... magari siku hizi yamekuwa mengi."

"Basi tuseme hakuna uhakika hata kidogo. Niandike kwamba humjui?"

Ludovick alilamba midomo. Kama hamjui, basi hakuna aliyelishika jakuzi siku ile ila watu wa hoteli. Philemoni alimwona akipiga hesabu hiyo, akamwachia muda wa kuimaliza.

"Ndevu," alisema Ludovick hatimaye. "Ndevu nyekundu, ndefu. Hizo nina hakika nazo, Mangi. Naweza kuziapia mahakamani."

"Umesikia, Sajini?"

"Nimesikia, afande," alisema Oscar, akafungua mlango wa nyuma.

Mama Naserian alishuka polepole, mkono mmoja kifuani, kanga yake yenye madoa ikipeperuka kwa upepo wa mlimani. Alipanda ngazi za baraza moja moja, akakohoa, akasimama mbele ya tajiri wake bila kumwamkia.

"Huyu ndiye Paker," alisema Philemoni. "Eliamini alimpa kondoo siku alipomwoa binti yake, na tangu hapo wanaitana hivyo. Hakuna Paker mwingine. Dunia nzima tulikuwa wawili tu tuliomjua yule mzungu mwenye Land Rover, mimi niliyemkosea jina na wewe uliyemfugia ndevu." Alitoa pingu. "Sasa nionyeshe zile ndevu, Mangi."

Na Ludovick, mtu aliyezoea kupima robota la mitumba kwa jicho, akamtazama yule mama kidevuni, kama vile hata yeye alitarajia kuziona.